Daftari Kwanza, Ndoo Baadaye

Wiki mbili kabla ya kufungua lango, chukua daftari la mahudhurio la kila darasa, keti na walimu wa madarasa, mpite jina kwa jina. Pembeni ya kila jina andikeni mambo matatu: mtoto yuko wapi sasa, yuko mikononi mwa nani, na ni nani kati yenu aliyezungumza na nyumba hiyo mara ya mwisho. Majina mengi yatakosa jibu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kuwapokea watu baada ya janga, na ndiyo inayosahaulika, maana kila mtu huwa amekimbilia ndoo, sabuni na mabango.

Nawaandikia walimu, masista na wanakamati wa shule za msingi za Kanisa katika mwambao huu wetu, kuanzia Bagamoyo mjini kushuka Kaole, Mbegani hadi Mlingotini. Mwaka 2020 ulitukuta hatujajiandaa. Tarehe 17 Machi, siku moja baada ya Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, kutangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku 30 zikazaa nyingine. Kidato cha sita na vyuo vikarudi tarehe 1 Juni. Katikati ya mwezi huo, Rais Magufuli akilihutubia Bunge kwa mara ya mwisho kabla ya kulivunja, alisema shule zilizobaki zifunguliwe tarehe 29. Ukihesabu tangu tangazo la Machi, ni siku 104. Na ukihesabu tangu lile la Juni, mwalimu mkuu alipewa kama wiki mbili za kujiandaa. Ndiyo maana nikasema wiki mbili: huo ndio muda utakaoupata na safari nyingine, ukiwa na bahati.

Safari nyingine ipo. Kagera walipata Marburg mwezi Machi 2023, wakaipata tena Januari 2025. Kipindupindu hakijawahi kutuaga. Kwa hiyo mwongozo huu usiwekwe kabatini pamoja na barakoa za zamani.

Nyumba imehamia wapi

Rudi kwenye daftari. Shule inapofungwa Kaole, watoto hawakai nyumbani wakisubiri. Mvulana wa darasa la sita amekwenda dago, kambi ya wavuvi, na mjomba wake, na akili yake imeshazoea pesa ya samaki. Msichana wa darasa la tano anamsaidia mama yake kufunga mwani, au anakaa na mdogo wake mgongoni tangu alfajiri kwa kuwa mama amekwenda sokoni kununua dagaa wa kukaanga. Wengine wamepelekwa kwa bibi Handeni au Morogoro, kwa sababu baba aliyekuwa akihudumu hotelini ameambiwa akae nyumbani bila mshahara. Ndege za abiria kutoka nje zilisimama Aprili 2020 zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei, lakini wageni hawakurudi siku hiyo, na Bagamoyo ni mji unaokula kwa mikono miwili, wa bahari na wa wageni. Mkono mmoja ulikatika.

Ukishajua hayo, utaelewa kwa nini tangazo la redio halimrudishi mtoto. Aliye dago hasikilizi taarifa ya habari. Anahitaji mtu wa kumwambia mjomba wake, kwa heshima, kwamba nafasi ya kijana ingalipo na walimu wanamuulizia.

Gawaneni majina. Kila mwalimu achukue nyumba anazozijua, na zisizojulikana na mwalimu wapewe wazazi wenzao, mpishi wa shule, mlinzi, kiongozi wa jumuiya ndogondogo, bodaboda anayewabeba watoto asubuhi. Mlinzi wa shule huwajua wazazi kuliko mhasibu, mtumie. Wenye simu za kitochi wapigiwe, wasitumiwe picha ambayo simu yao haifungui. Tangazo lisomwe mwisho wa Misa, na umwombe imamu alitaje baada ya sala ya Ijumaa. Kaole ni mji wa Waislamu tangu karne ya 13, kama msikiti ule wa magofu unavyoshuhudia, na katika madarasa yetu Amina na Agnesi wanakaa dawati moja. Tangazo likisomwa kanisani peke yake, umeziita baadhi tu ya nyumba zako.

Maneno ya tangazo yawe machache: tarehe, saa, mtoto aje na nini. Kisha weka sentensi mbili ambazo mzazi atazirudia kwa jirani yake. Ya kwanza: hakuna mtoto atakayerudishwa kwa sababu ya deni la ada katika siku za kufungua. Ya pili: sare ya zamani inatosha, hata kama imekuwa fupi. Miezi mitatu inatosha kwa mguu wa mtoto kukikataa kiatu, na kuna wazazi watakaomficha mtoto ndani wiki nzima kwa aibu ya kiatu. Uliza kabisa, ukipiga simu, kama kuna kinachokosekana. Masista wa mwambao huu wamezoea kuhifadhi sare za waliomaliza, na siku hizo ndizo za kuzitoa.

Langoni

Nani asimame langoni siku ya kwanza? Mwalimu mkuu mwenyewe, na Sista au Baba Paroko akiwepo. Mhasibu asionekane. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao, kwa sababu swali la kwanza analoulizwa mzazi langoni ndilo analorudi nalo nyumbani. Akiulizwa, "Ada umekuja nayo?", atakachosimulia kisimani ni hicho. Akiambiwa, "Karibu, mama Salumu. Za siku nyingi? Nyumbani mlikuwaje?", naye ataanza kusema, na katika yale atakayosema kutakuwa na nusu ya mambo unayotaka kujua kuhusu mtoto.

Salamu zenyewe zitahitaji kufundishwa upya. Mtoto wa pwani amelelewa kumwamkia mkubwa kwa kuupokea mkono wake. Ugonjwa unaoenda kwa kugusana au kwa pumzi hauruhusu hilo, na ukimwambia tu "msishikane mikono" umemnyang'anya adabu yake bila kumpa nyingine. Mfundishe kuweka kiganja kifuani, ainame kidogo, aseme shikamoo yake vizuri, na wewe itikia marahaba kwa kumtazama usoni. Walimu wafanye vivyo hivyo baina yao mbele ya watoto. Katika Misa, ishara ya amani ifanyike kwa kuinamisha kichwa, na Padre aeleze sababu kwa sentensi moja kabla, ili bibi aliyekaa benchi la mbele asidhani amesusiwa.

Kuna waliofiwa. Mwaka 2020 takwimu za taifa zilisimama mwanzoni mwa Mei, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na zikakaa zaidi ya mwaka bila kutangazwa tena. Kwa hiyo nyumba nyingi zilizika bila kujua zinazika kwa ugonjwa gani, na nyingine zilijua zikanyamaza. Usiulize kilichomuua marehemu. Sema pole, uliza jina lake, uliza alikuwa nani kwa mtoto, na jioni mwambie mwalimu wa darasa peke yake. Mtoto aliyempoteza babu aliyekuwa akimsubiri mlangoni kila mchana hatakwambia. Atapiga wenzake, au atalala darasani, na mwalimu asiyejua atamwadhibu.

Misa ya kufungua iwepo, na iwe fupi. Mwaka ule tarehe 29 Juni iliangukia Jumatatu, Sherehe ya Watakatifu Petro na Paulo, na kwa shule iliyo jirani na wavuvi sijui siku gani ingefaa kuliko siku ya Petro. Wasomwe marehemu wa nyumba zote kwa majina, Wakristo na Waislamu, kisha kila mtu akae kimya aombe kwa namna ya kwao. Mzazi wa Kiislamu asikie jina la mama yake likitajwa kwa heshima, asisikie akitiwa katika ibada asiyoiomba. Kama hujui mpaka uko wapi, muulize yeye kabla. Atafurahi kuulizwa.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, watoto wao wa kwanza walikuwa waliokombolewa utumwani, ambao hawakuwa na mzazi wa kuitwa kikaoni. Haukupita muda kipindupindu kikapiga Unguja na mrima wake, na Aprili 1872 kimbunga kikayabomoa majengo. Mapadre wale waliyabeba mambo yote wenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Wewe unao wazazi, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la elimu la mwaka 1965, umewaita walezi wa kwanza wa watoto wao. Wape kazi ya kufanya.

Ujue ugonjwa unapita njia gani

Hapa ndipo shule nyingi huiga bila kufikiri. Ndoo ya koki langoni ni kinga kubwa ya kipindupindu na magonjwa ya kuhara, lakini kwa ugonjwa unaokwenda kwa pumzi, kama UVIKO-19, ndoo bila dirisha ni nusu ya kazi. Marburg huenda kwa damu na majimaji ya mwili, kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye kumuuguza mgonjwa na kumwosha maiti. Barakoa haizuii kipindupindu. Kabla hujanunua chochote, muulize mganga wa zahanati swali moja: unapita wapi? Fedha zifuate jibu.

Kwa ugonjwa wa pumzi, Mungu ametupa kusi. Juni na Julai upepo huo unavuma kutwa, na darasa lenye madirisha pande mbili linapitisha hewa kuliko mashine yoyote. Ondoa mapazia, toa makabati yaliyoziba dirisha, misumari iliyopigwa kuzuia wezi ing'olewe. Ni majira ya kipupwe, watoto wa chekechea watasikia baridi asubuhi. Waambie wazazi mapema waje na sweta, la sivyo mwalimu mwenye huruma atafunga madirisha siku ya pili. Masomo yanayoweza kufanyika chini ya mwembe yafanyike huko. Kusoma kwa sauti na kuimba kwaya, ambavyo ndivyo vinavyotoa pumzi nyingi, viwe vya kwanza kutoka nje.

Barakoa za kitambaa zinahitaji matabaka matatu. Usizinunue Kariakoo. Miongoni mwa wazazi wako kuna mafundi cherehani waliokosa kazi. Wape kitambaa, wape kipimo, na malipo yao yaingie kwenye ada kama wanataka. Watoto wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe kuvaa. Hayo ndiyo yalikuwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani.

Kuhusu kunawa, mtoto wa Kaole anayechukua udhu amezoea kunawa kwa utaratibu kuliko bango lolote linavyoweza kumfundisha. Mwite mmoja wao mstarini awaonyeshe wenzake jinsi mkono unavyonawishwa kwa mpangilio, kisha wewe ongeza sabuni, na muda wa sekunde 20. Nimeona ni njia njema ya kumwambia mtoto kwamba alichojifunza kwao kina faida kwa wote. Maji yakiwa haba, tengenezeni vibuyu chirizi vya madumu ya lita tano. Havimwagi maji na mtoto hagusi koki. Ya kusafishia madawati, ikiwa chupa ya klorini imeandikwa asilimia 5, tia mililita 400 kwenye ndoo kisha jaza maji hadi lita 20. Ichanganywe kila siku upya, mahali penye hewa, na mtu mzima, na isichanganywe na sabuni ya chooni ya tindikali. Hiyo ni ya mbao, vitasa na sakafu, si ya mikono.

Kuhusu nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, mtaulizwa. Mzazi afanye anavyoona kwake kwa watu wazima, ila shuleni isiwepo, kwa maana maji ya moto na watoto wengi ni ajali inayosubiri siku.

Na wazazi waambiwe kweli. Januari 2021, wakati wengi walikuwa hawataki kulitaja jambo hili, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka kuonya kwamba ugonjwa upo na watu wajilinde. Shule ya Kanisa isiwe na ujasiri mdogo kuliko huo. Mtoto akiugua shuleni, mzazi wake ajue siku hiyohiyo, na wazazi wa darasa wajue bila jina kutajwa.

Ada

Shule zetu zinaishi kwa ada, na sitajifanya sijui. Mwalimu naye ana watoto, na katika miezi ile mitatu wapo waliokaa bila mshahara kamili. Lakini mzazi aliyekosa kipato na mwalimu aliyekosa mshahara wasigombanishwe. Itisha kikao kwa madarasa, wazazi wachache kwa wakati, nje, viti vikiwa mbalimbali, na uweke hesabu mezani: kilichokusanywa kabla ya kufungwa, kilichotumika shule ikiwa imefungwa, mishahara mnayodaiwa. Mzazi akiona kwamba hata ninyi mmeumia, huacha kudhani anaibiwa. Amueni pamoja ada ya miezi ya kufungwa itakuwaje, na uamuzi uandikwe.

Baada ya hapo kila nyumba iongee peke yake na mhasibu, siku nyingine, kwenye chumba chenye mlango. Anayepata fedha kila baada ya bahari kutulia alipe kidogo kidogo kwa simu, kwa wiki. Mwenye minazi alete nazi jikoni, mwenye shamba alete mihogo ya uji wa saa nne, fundi seremala atengeneze madawati, kwa bei mliyokubaliana na iliyoandikwa, kila upande ukibaki na nakala. Majina ya wadaiwa yasisomwe mstarini, yasibandikwe ukutani. Mtoto asipewe barua ya deni mkononi. Anajua kusoma, ninyi ndio mliomfundisha.

Darasani

Usifungue kwa mtihani. Wiki mbili za kwanza msikilize kila mtoto akisoma, mmoja mmoja, dakika tatu. Wa darasa la kwanza ndio waliopotea zaidi: mwaka 2020 walikuwa wameanza Januari, wakasoma kama wiki kumi, kisha wakakaa zaidi ya miezi mitatu. Warudishwe kwenye herufi bila kuona aibu. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya redio na televisheni, vikawafaa wenye redio, umeme na mtu mzima wa kukaa nao. Usidhani kila nyumba ilikuwa na vyote vitatu. Na kwa shule zinazofundisha kwa Kiingereza, mtoto amekaa na bibi msimu mzima akisimuliwa hadithi kwa Kiswahili kizuri. Hilo si hasara. Mwache asimulie hadithi hizo darasani kwa Kiswahili kwanza, kisha mzitafsiri pamoja, Kiingereza kitarudi.

Darasa la saba wana saa yao. Mtihani wao wa mwaka ule ulifanyika tarehe 7 na 8 Oktoba, siku 100 kamili baada ya shule kufunguliwa. Shule nyingi ziliongeza saa za masomo, na ilibidi. Ila kumbuka kwamba ukiongeza saa mchana umeingia kwenye saa za madrasa. Nenda kwa ustadhi kabla ratiba haijabandikwa, ukae naye, mgawane siku. Mzazi akiona ratiba imekula madrasa bila kuulizwa, atachagua, na si lazima achague wewe.

Kuhusu wasichana wakubwa, kaa macho bila kupekua. Kenya, iliyorudisha madarasa yote Januari 2021, na Uganda, ambako wapo waliokaa nje hadi tarehe 10 Januari 2022, waliona wasichana wengi wakirudi na mimba au wasirudi kabisa. Hapa kwetu, tangu Novemba 2021, serikali imeruhusu msichana aliyejifungua kurudi masomoni. Mama yake anaweza kuwa hajui hilo, au anaona haya kuuliza. Mwalimu wa kike anayeaminiwa aende kumwambia.

Wiki ya tatu, lifungue tena lile daftari. Yatabaki majina ambayo hayana alama hata moja. Usitume barua. Chagua mtu ambaye bibi wa mtoto anamjua kwa sura, apande bodaboda hadi Mlingotini au popote alipo, jioni, wakati watu wamerudi kutoka pwani. Aanze na hodi, shikamoo na habari za nyumbani, akae akikaribishwa. Abebe daftari la mtoto la Machi, lile lenye mwandiko wake na masahihisho ya mwalimu, alikabidhi kwake mwenyewe. Kama mtoto ameshaandikishwa shule nyingine, apewe barua ya uhamisho na baraka zote. Kama yuko dago, aulize chombo kinarudi lini, na arudi tena siku hiyo. Jina lisikatwe mpaka mmejua aliko.